Waliokufa Walipohesabiwa: Historia ya Afya Katika Delta ya Rufiji na Kibiti



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, waamini huandika majina ya marehemu wao na kuyaleta altareni ili waombewe. Ni desturi njema, kwa maana inakiri kwamba hakuna mtu anayekufa akawa si kitu. Katika tafakari ya juma hili napenda tuitazame namna nyingine ya kuwakumbuka marehemu, ambayo pengine hatujazoea kuihesabu kuwa tendo la huruma: kuuliza wamekufa wangapi, wamekufa wapi, na wamekufa kwa sababu gani. Nitawapeleka kusini mwa mkoa wa Pwani, katika bonde la mto Rufiji, delta yake, na mji wa Kibiti ulio kandokando ya barabara iendayo Lindi na Mtwara. Historia ya afya ya watu wa huko ina fundisho ambalo nchi nyingi zimelisoma, ilhali sisi tulio jirani nalo hatujalizingatia vya kutosha.

Tuanze na mahali penyewe. Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kisha hujigawa katika mikono mingi na kuingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Hapo ndipo ilipo misitu ya mikoko iliyo mikubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki kwa eneo moja. Tangu zamani Warufiji na Wandengereko wameishi kwa kufuata mwendo wa maji. Mto ukifurika hulisha udongo; ukipungua, watu hupanda mazao katika unyevu uliobaki, kilimo kiitwacho mlau. Maji hayo hayo yaletayo mpunga na samaki huleta pia mbu wa malaria na wa matende na mabusha, pamoja na konokono waenezao kichocho. Kwa mtu wa Rufiji uhai na ugonjwa hunywa katika kisima kimoja.

Si ajabu basi kwamba vita kubwa kuliko zote za nchi hii dhidi ya ukoloni ilianza na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitangaza maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, akiwaambia watu kwamba yatawakinga na risasi za Wajerumani. Watu waliochoshwa na kulazimishwa kulima pamba walimwamini. Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, na tarehe 4 Agosti mwaka huo Kinjikitile alinyongwa Mohoro, kituo cha utawala wa Kijerumani hapo Rufiji. Sisi Wakatoliki tunavikumbuka vita hivyo hasa kwa ajili ya Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliyeuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili tarehe 14 Agosti 1905. Ni haki kuwakumbuka. Lakini tuwatazame na wengine. Upande wa Wajerumani hesabu ya waliouawa katika mapigano imeandikwa hadi mtu wa mwisho: Wazungu 15, na askari na wasaidizi wao Waafrika 389. Upande wa wananchi, wanahistoria hutofautiana kati ya watu 75,000 na 300,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa na maradhi baada ya vijiji na mashamba kuchomwa moto. Tofauti hiyo ya watu zaidi ya laki mbili ndiyo inayoonyesha nani alidhaniwa anastahili kuandikwa daftarini na nani hakustahili.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika kwa nia njema. Mwaka 1968 mto ulifurika sana, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, ikawahamisha wananchi kutoka bondeni kwenda vijiji vya nchi ya juu, miaka kadhaa kabla ya uhamisho mkubwa wa vijiji vya ujamaa nchini kote. Hoja yake ilikuwa ya haki: watu waliotawanyika bondeni hawawezi kujengewa shule wala zahanati. Zahanati zilijengwa, chanjo zikaja, na mama wengi wakapata mahali pa kujifungulia. Lakini mashamba yenye rutuba yalibaki kule kule bondeni. Familia zikalazimika kurudi huko msimu wa kilimo na kulala katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko. Zahanati ilikuwa kijijini wakati mtoto na mbu walikuwa shambani.

Kuna jambo lingine la kuzingatia. Hospitali ya wilaya ilikuwa Utete, ng'ambo ya kusini ya mto, ilhali watu wengi waliishi upande wa kaskazini, katika maeneo ya Ikwiriri, Kibiti na Bungu. Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, gari la mgonjwa kutoka Kibiti lilipaswa kungoja kivuko. Upande wa kaskazini ilikuwapo hospitali ya misheni ya Mchukwi, ambayo imebeba mzigo mkubwa kwa miaka mingi. Kisha ukaja uchumi mgumu wa miaka ya 1980, dawa zikaadimika, na kuanzia mwaka 1993 serikali ikarudisha utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali zake.

Sasa tufike kwenye kiini cha tafakari hii. Katikati ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada ilianzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP, katika wilaya mbili tu: Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka. Je, wilaya maskini ikijua kwa hakika watu wake wanaugua nini na wanakufa kwa nini, na ikigawa fedha zake kwa kufuata ujuzi huo, vifo vitapungua?

Ili kujibu swali hilo ilibidi kuhesabu. Mwaka 1998 wasaili walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 31 vya Rufiji vyenye watu wapatao 85,000. Walirudi kila baada ya miezi minne wakiuliza nani amezaliwa, nani amehamia, nani ameondoka, nani amefariki. Penye msiba, walisubiri siku za matanga zipite, kisha wakaketi na wafiwa na kuwauliza kwa upole: homa ilianza lini, alipumua namna gani, alipata degedege, mlimpeleka wapi kwanza, mlimpa nini. Majibu hayo yalipelekwa kwa madaktari, nao wakaamua sababu ya kifo iliyo karibu zaidi na ukweli. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa watu wengi wa vijiji hivyo kufa na kifo chao kikaulizwa na mtu kutoka nje ya ukoo. Kabla ya hapo takwimu za wilaya zilitoka vituo vya tiba tu, na aliyefia nyumbani hakuwamo.

Hesabu hiyo ilifichua mambo mawili mazito.

La kwanza lilihusu fedha. Katika Morogoro Vijijini, wilaya pacha ya Rufiji katika mradi huo, malaria ilisababisha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo vya mapema, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Hakuna aliyekaa akapanga uovu huo. Bajeti ilikuwa inanakiliwa kutoka mwaka uliotangulia, au inafuata kile ambacho mfadhili fulani alipenda kugharimia. Basi timu za afya za wilaya zilipewa michoro inayoonyesha kwa macho mzigo wa kila ugonjwa ukilinganishwa na fedha zake, na zikapewa nyongeza ndogo ya kutumia zitakavyoona. Kiasi walichokitumia hakikufika dola moja ya Marekani kwa mtu kwa mwaka. Walikipeleka kwenye vyandarua vyenye dawa na katika kuwafundisha waganga na wauguzi wa zahanati kumpima mtoto mgonjwa kwa ukamilifu: homa, mapafu, kuhara na lishe kwa pamoja, badala ya kutibu dalili moja. Walinunua redio za upepo ili zahanati ziweze kuita msaada. Wananchi wakatoa nguvu kazi kukarabati majengo yaliyokuwa yakianguka. Katika muda wa miaka michache vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wataalamu hawasemi kwamba mradi peke yake ndio uliofanya yote, lakini punguzo lenyewe halina ubishi, maana waliobaki hai nao walihesabiwa.

La pili lilihusu akina mama, na hili ndilo linalonigusa zaidi kama mchungaji. Kwa miaka mingi ilisemwa ofisini, hospitalini na hata mimbarini kwamba watoto wa Pwani wanakufa kwa sababu mama zao huwapeleka kwanza kwa waganga wa kienyeji, hasa mtoto akishikwa na degedege, ambayo wengi waliihusisha na mashetani. Watafiti walipofuatilia vifo 320 vilivyotokana na malaria huko Rufiji, waliona kwamba karibu asilimia 79 ya marehemu hao walipewa kwanza tiba ya kisasa, ama dawa za dukani au za kituo cha afya. Walioanzia kwenye tiba ya jadi walikuwa asilimia 9 tu. Mama alikuwa amekwenda mahali alipoambiwa aende. Lakini alikwenda na nini akarudi na nini? Dawa iliyotegemewa, klorokwini, ilikuwa imekwisha kushindwa na vijidudu vya malaria, hata serikali ikaiondoa mwaka 2001. Iliyofuata nayo haikudumu, mpaka dawa mseto ilipoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006. Watoto hawa waliokufa, walipohesabiwa, walitoa ushahidi. Waliwaondolea mama zao lawama wasiyostahili, na wakaonyesha kosa lilipokuwa: katika dawa, katika bajeti, na katika utaratibu.

Tunaweza kujivunia kwamba ujuzi huu una shina pia katika historia ya Kanisa letu. Juu zaidi ya mto huo huo, huko Ifakara, Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa na hospitali. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara kutafiti magonjwa ya nchi za joto, na mwaka 1957 ikaanzishwa hapo maabara ndogo. Maabara hiyo ilikua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi ya Kitanzania ambayo baadaye ilipokea kazi ya kuhesabu huko Rufiji. Maji ya Kilombero yapitayo Ifakara huishia katika delta. Elimu nayo ilifuata njia ya maji.

Tangu wakati huo nchi imepiga hatua kubwa. Mwaka 1999 kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 uliwakuta 43. Kwa upande wa akina mama, makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Mpango wa afya ya msingi ulioanza mwaka 2007 ulilenga zahanati kwa kila kijiji. Mwaka 2015 Rufiji iligawanywa na Kibiti ikawa wilaya, ili huduma ziwakaribie watu. Mkoa wa Pwani wenyewe umeongezeka kutoka watu 1,098,668 mwaka 2012 hadi 2,024,947 mwaka 2022. Na juu ya mto limejengwa bwawa la umeme la Julius Nyerere la megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024.

Lakini maendeleo ya haraka huja na maswali yake, na maswali mapya hayajibiwi kwa hesabu za zamani. Nitaje matatu.

Swali la kwanza: je, magonjwa ni yale yale? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kwamba takribani robo ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la damu, na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Zahanati zetu zilipangwa kwa ajili ya mtoto mwenye homa, anayetibiwa kwa siku tatu na kupona. Mzee mwenye kisukari anahitaji dawa kila siku ya maisha yake, na kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda anahitaji mpasuaji. Mzigo umebadilika, na bajeti inayonakiliwa itakosea tena kama ilivyokosea mwaka 1996.

Swali la pili: nani yuko nje ya wastani? Vijiji 31 vilivyohesabiwa mwaka 1998 vilikuwa hasa vya bara, pande za Kibiti, Bungu na Ikwiriri. Mtu wa Mbwera, Salale au Maparoni yuko katika dunia nyingine. Njia yake ni maji, na maji yana ratiba yao ya kujaa na kupwa. Mama aliyeshikwa na uchungu wakati maji yamekupwa hasaidiwi na takwimu nzuri za taifa. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mfumo wa M-mama, ambapo kwa kupiga namba 115 bila malipo mama au mtoto mchanga hutafutiwa usafiri wa dharura, hata wa dereva binafsi aliyesajiliwa. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Hata hivyo tukumbuke mwaka 2017, wakati wa mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji yaliyoitikisa Kibiti, pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku. Amri ilikuwa na sababu yake, kwa kuwa damu ilikuwa inamwagika. Lakini pikipiki ndiyo gari la wagonjwa la maskini, na uchungu wa uzazi hauchagui saa. Tukumbuke pia mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha makazi na mashamba ya maelfu ya watu wa Rufiji na Kibiti. Kila usalama unapovurugika, iwe kwa silaha au kwa maji, wa kwanza kuathirika ni yule aliyekuwa mbali na kituo tangu mwanzo.

Swali la tatu: nani atahesabu kesho? Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Wengi waliona pigo kwa dawa za UKIMWI na vyandarua, na ni kweli. Wachache waliona kwamba Februari mwaka huo ulikatiwa fedha pia mpango wa kimataifa uliosaidia nchi nyingi, pamoja na yetu, kufanya zile tafiti zilizotupa namba 147, 43, 556 na 104. Dawa ikikosekana tutasikia kilio. Hesabu ikikosekana hakuna atakayelia, na hilo ndilo linalotisha: watu watakufa tena kama walivyokufa mwaka 1906, wakibaki makadirio ya wanahistoria.

Basi tufanye nini, sisi tusio madaktari wala mawaziri? Kwanza, tusajili vizazi na vifo. Anayefia nyumbani ana haki ya kuandikishwa sawa na anayefia hospitalini. Pili, tuzijue kamati za usimamizi za zahanati na vituo vya afya. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati hizi, zenye wawakilishi wa wananchi, zina sauti katika matumizi yake. Mlei Mkatoliki anayeketi humo na kuuliza, "Mwaka huu watu wetu wamekufa kwa nini, na fedha zimekwenda wapi?" anafanya utume wa kweli. Tatu, tuwapokee wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Rufiji iliwajaribu kuanzia mwaka 2011 kwa jina la WAJA, na Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa 137,294 nchini kote katika miaka mitano. Wakibisha hodi na kuuliza maswali, tuwajibu ukweli. Na sheria ya bima ya afya kwa wote, iliyopitishwa mwaka 2023, itakuwa na maana tu ikiwa mtu wa delta, mwenye kadi mkononi, anakuta dawa pale anaposhuka kwenye boti.

Tunapenda kuchangia majengo, na majengo yanahitajika. Ila tukumbuke kwamba Msamaria mwema hakujenga nyumba ya wageni. Alisimama, akatazama jeraha lilipo, akatoa mafuta, divai na dinari mbili, akaahidi kurudi kuuliza habari za mgonjwa. Rufiji ilipofanya hivyo, kwa fedha isiyofika dola moja kwa mtu, watoto waliishi. Wengi wao leo ni vijana wa miaka ishirini na zaidi, wanaoendesha bodaboda, wanaovua kamba, wanaofundisha shule, nao wana watoto wao wenyewe.

Nawatakieni juma jema lenye baraka. Tuwaombee wagonjwa wetu na wale wote wanaowahudumia.

Wenu katika Kristo,
Paroko